Dakika Mia Moja na Mbili za Marehemu

Mimi ndiye niliyeigiza jemadari, kwa hiyo nilikuwepo. Tena nilikuwa jukwaani, katikati ya maneno yangu matamu kuliko yote, pale ukumbi mzima uliponiacha nimesimama. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kila mtu mjini anakihadithia kisa hiki kama shahidi, na ukumbi wetu hauchukui watu zaidi ya mia moja na hamsini hata wakibebana.

Mwenye kisa ni fundi saa. Ni mtu mwembamba, mpole, anayezungumza taratibu kama anayeng'oa skrubu ndogo kwa kibano na kuogopa isije ikaruka. Mkewe ni mwalimu wa udereva. Ukimwona mtu anawasha taa ya kuashiria hata anapoingia uani kwake, na uani hakuna mtu isipokuwa kuku, jua huyo alifundishwa na yule mama. Mimi pia alinifundisha. Siku moja alinichapa rula ya vidole kwa kushika usukani mkono mmoja, nami wakati huo nilikuwa karani mkuu wa posta, mwenye mke na nyumba.

Mtu mmoja tu alimshinda, naye ni mumewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimpa masomo mawili. Somo la kwanza waligombana kabla ya kutoka getini. Somo la pili walitoka getini, wakatoka na geti lenyewe. Siku tisa hawakusemezana. Siku ya kumi walikaa wakakubaliana kwamba fundi hatashika usukani tena, ili ndoa ipone. Ikapona kweli, miaka thelathini na moja.

Taabu ni kwamba gari la nyumbani lilikuwa moja tu, lile la shule, lenye bango la herufi L juu ya paa, kubwa kama sinia. Kila asubuhi fundi alishushwa dukani kwake kutoka katika gari hilo, na kila jioni alifuatwa nalo. Watu wakamwita Mwanafunzi wa Kudumu. Alilivumilia jina hilo kwa miaka, akawa analiitikia, mpaka siku mjukuu wake wa miaka mitano alipomuuliza, kwa huruma ya kweli, atafaulu lini. Fundi aliniambia kwamba usiku ule hakupata usingizi.

Mambo yakawa hivyo, na ndipo mwongozaji alipofika.

Alikuwa dada kijana, nywele fupi, maneno ya haraka, amesomea maigizo ng'ambo na kuajiriwa kuendesha ukumbi wa maonyesho wa mkoa. Ukumbi huo kabla yake ulikuwa wa mahafali na mikutano ya vyama vya ushirika. Alitukusanya sisi wapenda maigizo, akatuambia tutaigiza tanzia iliyotungwa miaka mia nne iliyopita: jemadari hodari anamwoa binti wa watu kwa siri, msaidizi wake mwenye kijicho anamtia sumu ya maneno masikioni, naye jemadari anaamini, anamuua mkewe asiye na kosa, kisha anajiua. Mtu mmoja akauliza kama hakuna igizo ambalo watu wanapona. Mwongozaji akasema wivu hauna tarehe, na kwamba kazi yetu ni kuwafanya watazamaji wa leo waone hivyo.

Kwa ajili ya watazamaji wa leo alibadili vitu. Mimi nikavaa sare za jeshi za siku hizi, na medali za bati. Leso iliyopotea ikawa simu iliyopotea. Na la mwisho, ambalo baadaye lilimgharimu, aliwaruhusu watazamaji waseme. Alisema mtu wa leo hawezi kuketishwa saa mbili kama gunia la mahindi. Akiona jambo haliendi sawa aseme, na mwigizaji amjibu. Maonyesho mawili ya kwanza watu waliona haya. Kuanzia la tatu hawakuzuilika. Kulikuwa na mama mmoja wa safu ya nyuma aliyeniambia kila onyesho, bila kukosa, kwamba nina paji la uso la mtu wa kudanganywa.

Fundi saa alikuja kutengeneza saa ya ukutani pale ukumbini, mwongozaji akauona uso wake, akampa nafasi ya baba wa bibi harusi. Si nafasi kubwa. Baba anaamshwa usingizini kuambiwa binti yake ametoroshwa, anatoka na pajama, anapiga kelele, anakwenda kushtaki kwa wakubwa, anashindwa, anaondoka. Mwisho kabisa mtu mmoja anataja, kwa kupita tu, kwamba mzee yule alikufa kwa huzuni. Basi.

Tulikuwa tunaonyesha alasiri, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa tisa. Fundi, kwa kuwa ni fundi, alipima. Alitoka jukwaani mara ya mwisho saa tisa na dakika ishirini na nane. Kuinamia watazamaji ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Katikati alikuwa marehemu, dakika mia moja na mbili. Na kuondoka hakuweza, maana mwongozaji alitaka wote warudi kuinama, na kila mmoja awe na vazi lake la mwisho. Nguo zetu za nyumbani mtunza mavazi alizifungia kabatini kwa ufunguo, tangu suruali ya mtu ilipopotea mwaka uliotangulia. Kwa hiyo fundi alikaa kwenye benchi la chumba cha nyuma, na pajama za mistari ya bluu, na kandambili.

Juma la kwanza alitengeneza saa za waigizaji wote. Juma la pili alitengeneza feni, redio ya mlinzi na kitasa cha choo. Juma la tatu hakubakiwa na kitu, akafungua mlango wa nyuma apate hewa.

Mlango huo ulitazamana na uwanja wa ghala la zamani. Hapo kulikuwa na mapipa manne yamepangwa, na gari jeupe lenye bango la L likirudi nyuma katikati yake. Gari hilo lilikuwa la mwalimu mwingine wa udereva, binti aliyejifunza kwa mke wa fundi, akawa msaidizi wake miaka minne, kisha akafungua shule yake na magari yenye hewa baridi. Mji ukamwita Mwalimu Kiyoyozi. Mke wa fundi hakumwita jina lolote. Alisema tu "yule". Alisema pia kwamba udereva ni jasho, na mtu aliyefundishwa kwenye baridi atakuja kujua siku atakayotoa jasho.

Mwalimu Kiyoyozi alimaliza na mwanafunzi wake, akamwona mzee wa watu amesimama mlangoni na pajama saa kumi za mchana. Akamwendea, akamsalimia kwa heshima, akamuuliza kama anaumwa.

Fundi akamwambia haumwi. Amekufa tangu saa tisa na nusu, anasubiri kuinama.

Binti akacheka mpaka akashika pipa. Kisha akatazama saa yake, akasema mwanafunzi wa saa kumi na nusu ameahirisha, na gari lipo.

"Marehemu hana ratiba, baba," akasema. "Panda."

Fundi hakuwa mtu wa kupanda panda magari ya mabinti. Lakini alimkumbuka mjukuu. Akapanda.

Nilimuuliza baadaye ilikuwaje. Akaniambia jambo la kwanza lililomshangaza ni ukimya. Binti hakupiga kelele. Gari lilizimika mara saba, na mara zote saba binti alisema, "Washa tena." Mara ya nane fundi aliusikia mguu wake wa kushoto ukielewa. Klachi, aliniambia, ni magurudumu mawili yanayotafutana, na kama kuna kitu anachokijua duniani ni magurudumu mawili yanayotafutana. Hakuna aliyewahi kumweleza hivyo. Mkewe alikuwa amemweleza kwa kusema, "Achia, achia, nimesema achia, umeua."

Kutoka siku hiyo, kila akifa, alikwenda uwanjani. Somo la nne akaingia barabarani. Watu wachache waliomwona waliona mzee wa pajama akiendesha kwa uangalifu mkubwa, wakadhani ni mgonjwa anayejipeleka hospitali, wakampisha.

Mimi nilijua, na waigizaji wenzangu walijua, na tulinyamaza. Mkewe alikuwa ametufundisha karibu sote. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Aliyemwambia ni wifi yake, dada yake fundi mwenyewe, mwenye saluni karibu na kituo cha mafuta. Alhamisi moja alitoka nje kumwaga maji akamwona kaka yake. Kaka yake alikuwa na pajama. Ameegemea gari jeupe. Anakunywa soda kwa mrija. Pembeni yake Mwalimu Kiyoyozi, naye ana soda yake, na wote wawili wanacheka. Walikuwa wanacheka kwa sababu fundi alikuwa amezunguka mzunguko wa barabara mara tano kwa kuogopa kutoka, lakini hilo wifi hakulijua, na hakwenda kuuliza.

Hakusema moja kwa moja. Angesema moja kwa moja ingekuwa afadhali. Alikwenda kwa mke wa fundi, akasifu chai, akasifu mapazia, akauliza kama kaka yake analala vizuri siku hizi. Akaambiwa analala. Akasema alhamdulillahi. Akasema yeye anauliza tu, maana amesikia watu wanasema amekuwa akivaa pajama mchana. Mke wa fundi akamwambia ni za maigizo. Wifi akasema ndiyo, bila shaka, na soda pia itakuwa ya maigizo. Soda gani? Hapana, wifi yangu, mimi sisemi kitu, mimi mdomo wangu unaujua. Na hakuondoka mpaka "yule" ametajwa. Gari alilitaja kidogo sana. Bango la L hakulitaja kabisa, kwa kuwa hakuulizwa.

Mke wa fundi si mtu wa kuamini maneno. Lakini kuanzia hapo alianza kumtazama mumewe, na ukimtazama mtu kwa kumtafuta, utamwona tu. Aliona anapiga miluzi wakati wa kunyoa ndevu. Aliona amenunua viatu vyepesi vya soli nyembamba. Kubwa kuliko yote lilikuwa usingizini. Mkono wa kushoto wa fundi ulianza kumtafuta. Ulimshika goti, ukalisukuma mbele, ukatulia, ukalivuta nyuma. Na fundi, macho yamefumba, ananong'ona kwa sauti ya upole ambayo mkewe hajaisikia miaka mingi: "Taratibu. Taratibu. Usiachie ghafla."

Mama wa watu alilala akitazama dari. Mwalimu aliyefundisha udereva miaka thelathini na moja, anayeweza kutambua gari lenye klachi mbovu kwa mlio wake mtaa wa tatu, hakuitambua gia ya tatu ilipowekwa kwenye goti lake mwenyewe.

Jumamosi ya juma la sita aliahirisha masomo yote, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyovunjika kidole, akaja ukumbini. Hakumwambia mumewe. Aliketi safu ya tatu, kando ya njia, mkoba magotini. Wifi yake alikaa kiti kinachofuata, kwa kumsaidia.

Fundi alitoka na pajama zake, akapiga kelele zake za baba aliyeibiwa binti, na alifanya vizuri siku hiyo. Mkewe, alivyotueleza baadaye, alipata afueni. Pajama zipo kweli. Akamgeukia wifi yake kumwambia. Wifi akamjibu kwa sauti ya chini kwamba pajama wameziona, sasa wasubiri anakokwenda nazo.

Saa tisa na dakika ishirini na nane fundi akatoka. Igizo likaendelea. Ikafika saa kumi na robo, na hapo ndipo ilipo sehemu yangu. Msaidizi wangu ameshanipa habari ya simu, ameshaguna, ameshasema yeye hasemi kitu, ameshaniomba nisimuulize zaidi. Mimi nasimama katikati, peke yangu na uchungu wangu, nasema nimekwisha kuamini. Mama wa nyuma akanikumbusha habari ya paji langu la uso. Ukumbi ukacheka, ukatulia. Nikavuta pumzi.

"Wewe jemadari," sauti ikatoka safu ya tatu.

Niliijua. Mikono yangu yote miwili ikapanda yenyewe mahali usukani ungekuwepo.

Mke wa fundi alikuwa amesimama. Hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza kama anavyomuuliza mwanafunzi kwa nini hakutazama kioo.

"Umemwona mkeo kwa macho yako?"

Kanuni ya mwongozaji ilikuwa tujibu. Nikasema sijamwona, nimeambiwa.

"Na huyo anayekwambia, anayesema hasemi kitu, yeye anapata nini?"

Nikamtazama msaidizi wangu. Msaidizi wangu akatazama buti zake. Na mke wa fundi, baada ya kuuliza swali lile, akageuza shingo polepole akamtazama wifi yake. Alimtazama kwa muda mrefu. Wifi akaanza kutafuta kitu ndani ya pochi.

"Basi kaa hapo hapo," mke wa fundi akaniambia, "usimguse mtu. Mimi nakwenda kujionea langu. Nikirudi nitakwambia na wewe ufanye nini."

Akapanda ngazi za jukwaa, akanipita, akapenya pazia la nyuma.

Watazamaji walipiga makofi. Walidhani ndivyo ilivyopangwa, na kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichokuwa tumekipanga. Kijana mmoja wa safu ya mbele akainuka kumfuata. Safu yake ikamfuata yeye. Kisha safu ya pili, ya tano, kisha zote. Walipita jukwaani kwa adabu, wakisema samahani jemadari, samahani, tunapita. Mzee mmoja alinipa kofia yake nimshikie. Mama wa safu ya nyuma alipofika karibu yangu alisimama, akalichunguza paji langu la uso, akatikisa kichwa, akaendelea.

Aliyeigiza mke wangu akatokea pembeni, amekwisha kuvaa gauni la kufia, akaniuliza kuna nini.

"Nadhani umepona," nikamwambia. Tukatoka na sisi.

Nje jua lilikuwa bado kali. Fundi alikuwa na mtihani wa leseni Jumanne, na alasiri hiyo alikuwa anafanya mazoezi ya kurudi nyuma katikati ya mapipa. Mwalimu Kiyoyozi ameketi kando yake, mikono magotini, vioo vya madirisha vimefungwa kwa ajili ya ile baridi, kwa hiyo hawakusikia kitu. Fundi alitazama kioo cha katikati, kama alivyofundishwa. Ndani ya kioo alimwona mke wake. Nyuma ya mke wake aliona watu zaidi ya mia, na nyuma yao jemadari mwenye medali akiwa ameshika kofia ya mtu.

Akakanyaga breki na klachi kwa pamoja. Gari halikuzimika. Mpaka leo akihadithia huanzia hapo: halikuzimika.

Mke akafika dirishani. Fundi akashusha kioo. Akatazama mikono ya mumewe, ipo mahali pake. Akatazama gia. Akatazama mkanda, umefungwa juu ya pajama. Akamtazama binti, akamrudia mumewe.

"Kumbe ni gari," akasema.

Fundi akakiri kwamba ni gari.

"Bora ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua pa kuanzia. Miaka thelathini na moja nina shule ya udereva ndani ya nyumba, wewe unakuja kujifunza kwa huyu?"

"Mke wangu," fundi akasema kwa ile sauti yake ya kibano, "wewe hukunifundisha. Ulinipigia kelele."

Watu mia na kitu wakaguna, na nusu yao, mimi nikiwemo, tuliguna kwa uzoefu. Mtu mmoja nyuma alisema hilo ni kweli, kisha akajificha.

Mwalimu Kiyoyozi akashuka. Nilifikiri atakimbia. Akazunguka gari akaja mpaka mbele ya mwalimu wake wa zamani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Mke wa fundi alifumba mdomo, lakini salamu ni salamu, marahaba ikamtoka. Binti akasema kila alichomfundisha mzee alikipata kwake yeye, mwalimu, hakuongeza neno. Alipunguza tu.

Hatujui ingeishaje. Lakini yule mzee wa kofia aliuliza kwa sauti kama gari litarudi nyuma au halirudi, maana yeye ana goti bovu na amesimama juani.

Mke wa fundi akapiga hatua tatu nyuma, akakunja mikono kifuani.

"Haya. Rudi. Tuone."

Fundi akaweka gia. Kimya kilichokuwepo sijakipata jukwaani hata siku moja. Gari likaanza kurudi, polepole kama mshale wa saa. Likapita pipa la kwanza. La pili. Kwenye la tatu alikata usukani mapema mno, na sote tuliofundishwa na yule mama tuliona, mikono yetu ikazunguka hewani. Yeye mwenyewe aliona kabla yetu. Mdomo ukafunguka. Niliona shingo yake ikijaa maneno. Akaufunga. Akayameza kama mtu anayemeza kidonge bila maji, na fundi, ndani ya gari, akasimama mwenyewe, akatazama kioo cha kushoto, akaunyoosha usukani, akajaribu upya. Gari likaingia katikati ya mapipa, sawasawa, kama droo.

Tulipiga makofi. Fundi alifurahi hata akainua mikono yote, na akasahau mguu. Gari likaruka nyuma, likagonga pipa la nne, pipa likaanguka ubavu na kubingirika taratibu kuelekea kwa watu. Likamfikia wifi. Hakuumia, aliwahi kuruka na visigino vyake virefu, lakini aliruka kama mtoto anayecheza kamba, na pochi ikaenda upande wake. Mke wa fundi ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akashika bodi ya gari, na fundi alipoona anacheka, akazima injini, kwa kupenda kwake.

Mwongozaji alikuwa ametoka na kitabu chake cha maneno, hana damu usoni. Alitazama saa, akatazama watu, akatuambia sote turudi ndani, kuna watu hawajafa.

Tukarudi. Watu wakaketi, mzee akachukua kofia yake, nami nikaanza tena pale nilipoachwa. Hapo ndipo nilipopata taabu, kwa sababu ukumbi sasa ulikataa nimuue mke wangu. Wakaniambia nimeshaonyeshwa. Wakaniambia nilikwenda nje mwenyewe, nikaona mwenyewe kwamba mambo huulizwa. Mke wa fundi alinitazama tu kutoka safu ya tatu, kama mtu aliyekwisha kutoa alama. Mwongozaji akanipa ishara niendelee. Nikaendelea, nikamuua, na nilizomewa kama sijawahi kuzomewa maishani, na katikati ya kuzomewa nikasikia watu wanalia kwa kweli, wanalia kwa hasira. Alinikumbatia baadaye, mwongozaji, akasema ndicho alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo. Kisha mwigizaji mmoja akaleta habari kwamba baba wa binti amekufa kwa huzuni, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fundi alipokuja kuinama, pajama zimejaa vumbi, alipigiwa makofi marefu kuliko mimi. Simwonei kijicho. Naeleza tu yaliyotokea.

Jioni hiyo mke wa fundi alimwambia Mwalimu Kiyoyozi maneno machache. Alimwambia huyu mtu atafeli mlimani, maana uwanja wako ni bapa. Binti akakubali kwamba mlima hawajaufika. Basi mlima ukawa wa mke. Lakini fundi aliweka sharti: mkewe aketi kiti cha nyuma, na azungumze tu gari likiwa limesimama. Wanaojua wanasema juma hilo gari lilisimama mara nyingi sana.

Jumanne alifeli. Hakufeli mlimani, alifeli kwa kumsimulia afisa wa leseni kisa chote akiwa anaendesha. Mwezi uliofuata alifaulu, kwa kunyamaza.

Kwa wifi yake mke wa fundi hakwenda kugombana. Alikwenda kusukwa. Alikaa kwenye kiti cha saluni, mbele ya wateja, na wifi alipokuwa amemshika nywele mikono yote miwili, akamwambia kwa upole kwamba siku nyingine akimwona kaka yake na mwanamke, amtajie pia na gari, na bango lililo juu ya gari. Wateja wakasema wifi alisuka vizuri mno siku hiyo, na hakuomba malipo.

Siku ya onyesho la mwisho walinipa lifti. Nilikaa nyuma na mfuko wangu wa medali. Fundi aliendesha kwa mwendo ambao baiskeli mbili zilitupita, na ya pili ilikuwa imebeba kreti za mayai. Nilisubiri mama aseme kitu. Tulipita njia panda, tukapita soko, hakusema. Nilipoinama kumchungulia nikaona amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo. Mtu ambaye hajawahi kufumba macho ndani ya gari linalotembea, miaka thelathini na moja.

Tulipofika kwangu fundi alisimamisha gari polepole sana, akageuka, akaweka kidole mdomoni, kisha akanionyesha mlango, niufunge bila kuupiga.